Vidole viwili vimekufa ganzi, kandambili inanivuka sijui, vipimo vyote safi. Nitafute nini?

Fundi wa Mwanga:
Habari za jioni wakuu. Naandika kwa mkono wa kushoto, mnisamehe makosa.

Nina miaka 38, nashona nguo hapa Mwanga, Kigoma, mwaka wa 16 sasa. Mwaka juzi ilianza kama mchezo: kidole kidogo cha mkono wa kulia na jirani yake vinaamka na ganzi, nikishaanza kazi vinachangamka. Baadaye vikakataa kuchangamka. Kiwiko nacho, nikikiegemeza kwenye meza ya cherehani, kitu kama umeme kinashuka mpaka kidoleni. Usiku ndio balaa. Mkono unawaka kwa ndani kama umepakwa pilipili, lakini ukivifinya vile vidole kwa nje sisikii kitu. Nikieleza kwamba panauma na hapohapo hapasikii, naonekana muongo.

Mwezi uliopita napiga pasi sare za shule, pasi ya mkaa. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikainua pasi mbio, nikakagua suruali mbele, nikaigeuza nyuma, nzima. Mteja aliyekaa kwenye benchi ndiye aliyepiga kelele: "Fundi, kidole!" Kumbe kidole kidogo kilikuwa kimelala ubavuni mwa pasi muda wote. Lengelenge kama punje ya hindi, na mimi niko bize natafuta tundu kwenye suruali ya mtoto wa watu.

Mguu wa kushoto umeanza vituko vyake. Kandambili inanivuka njiani, naendelea na safari. Wanangu wanakuja nyuma wamebeba, wanacheka. Mwanzoni nilicheka nao.

Nilikopita: zahanati ya kwanza typhoid na UTI (nani hajawahi kuambiwa hivyo nchi hii), sindano siku tano. Kwingine sukari kabla ya kula 5.1, VVU hasi, kaswende hasi. Kwingine eksirei ya shingo, pingili zimeanza kusagika kwa sababu ya kuinama. Nimemeza B-complex mpaka najichoka. Mzee mmoja akanichanja chale, eti nimekanyaga kitu kilichotegwa mlangoni. Laki mbili na nusu zimekwenda, jina la ugonjwa sina. Sasa nimeshauriwa nikapime mishipa ya fahamu Mwanza, na nauli yenyewe mpaka niuze mashine yangu ya overloki. Kabla sijaiuza, kuna aliyepitia hali hii?

Jahazi Kibirizi:
Pole fundi. Hiyo ni shingo tu, mafundi wote mnainama kama mnatafuta shilingi. Lala bila mto, chua na mafuta ya mawese ya moto. Overloki usiuze.

Binti Unyanyembe:
Pole sana kaka. Mimi niko Tabora. Nilipokuwa natumia dawa za TB, nyayo ziliwaka moto hadi nikawa nalala miguu nimeibandika ukutani. Nikaambiwa ile isoniazidi inamaliza vitamini B6 mwilini, nikaongezewa pairidoksini, yaani hiyo B6 yenyewe, baada ya wiki kadhaa nikapata nafuu. Uliwahi kutumia dawa za TB? Ila yangu ilikuwa miguu yote miwili kwa pamoja, kama nimevaa soksi. Yako naona inachagua.

Fundi wa Mwanga:
TB sijawahi kuugua dada. Pombe pia situmii, maana hilo ndilo swali ninaloulizwa kila ninapokwenda.

Mama Tabibu:
Fundi, mimi ni afisa tabibu, nimestaafu. Huyo binti amegusa penyewe: inachagua.

Ganzi ya sukari, ya pombe, ya upungufu wa B12, ya dawa, kwa kawaida huanzia nyayo zote mbili na kupanda taratibu. Yako imeshika mshipa mmoja mkono wa kulia na mwingine mguu wa kushoto. Kidole kidogo na nusu ya kile cha pete vinahudumiwa na mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, kwenye kile kibonde ambacho ukijigonga unaruka. Fundi anayeegemea meza miaka 16 anaweza kuubana hapo, na ungeniambia mkono peke yake ningeishia hapo. Lakini kiwiko hakivui kandambili mguuni. Mguu una mshipa wake, unapita chini ya goti upande wa nje.

Kwa hiyo usiuze kitu kwanza. Vua shati na suruali mchana, kwenye mwanga wa jua, mkeo akukague mwili mzima, mgongo na makalio usiache. Anatafuta baka lililopauka au jekundu kidogo, ambalo haliwashi. Kisha apapase nyuma ya viwiko vyote viwili, alinganishe kama mshipa wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto. Wewe uliwahi kuvuliwa shati huko kote ulikopita?

Na hizo B-complex punguza pupa. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe inaleta ganzi.

Fundi wa Mwanga:
Shikamoo mama. Shati hakuna aliyenivua, isipokuwa yule wa chale.

Baka lipo. Nyuma ya mkono wa kulia, juu ya kiwiko, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, rangi imepauka. Mke wangu, Mama Shani, alikuwa akilipaka dawa ya choa mwaka juzi, kisha tukaliacha kwa sababu haliwashi. Na kiwikoni amepapasa, anasema upande wa kulia kuna kitu kama kamba ya kanga, kushoto hakuna.

Mama, unachokifikiria ni kile ninachokifikiria mimi? Hilo neno siwezi kuliandika. Mimi nashika nguo za watu, napima watu kiunoni. Likisikika sokoni nani ataniletea kitambaa?

Jahazi Kibirizi:
Si ugonjwa wa zamani huo? Si uliisha?

Mama Tabibu:
Marahaba mwanangu. Nitaliandika mimi: ukoma. Sijasema unao, nasema upimwe, na upimwe wiki hii.

Jahazi, haujaisha. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la WHO la kushuka chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, lakini hiyo ni hesabu ya nchi nzima, haimzuii mtu mmoja wa Mwanga kuugua. Vijidudu vyake vinakua polepole sana, dalili zinaweza kuchukua miaka mitano kutokea, hata 20. Na watu wengi mno wana kinga ya asili, hawaupati hata wakikaa na mgonjwa.

Fundi, kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Nenda hospitali ya serikali umuulizie yeye, kwenye dirisha la TB. Atakupima ngozi, atapapasa mishipa, pengine atakwangua kidogo ndewe ya sikio kupeleka maabara. Ikiwa ndiyo, dawa ni bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina. Ukishaanza dawa, muda si mrefu huambukizi mtu, kwa hiyo vitambaa vya watu viache vije. Mkojo utakuwa mwekundu, usikimbie, ni dawa. Nyumbani wote nao wakaguliwe.

Kinachonifanya nikuharakishe ni mshipa. Ganzi mpya, ya chini ya miezi sita, inaweza kuondoka kwa dawa ya predinisoloni, chini ya uangalizi, si ya kununua dukani! Hivyo vidole vya mwaka juzi siwezi kukuahidi. Mguu ndio mpya, huo tuuwahi. Na kuanzia leo pasi ashike mtu mwingine.

Binti Unyanyembe:
Kaka, dirisha la TB nimekaa miezi sita. Hakuna anayejua umefuata nini pale, kila mtu anaangalia chini.

Fundi wa Mwanga:
Jana usiku Mama Shani alichukua kipande cha pamba ya kujazia mto, akakisokota ncha nyembamba. Nikafumba macho. Akawa ananigusa, mimi nahesabu. Mkono wa kushoto nilipata zote. Wa kulia nilihesabu nne, nikamwambia endelea basi, mbona umeacha. Akanyamaza. Nilipofumbua macho alikuwa bado anagusa, pamba iko palepale kwenye baka.

Leo sikufungua kibanda. Niko kwenye foleni ya hilo dirisha, wa saba.