Jumuiya imegeuka ofisi ya madeni, mtu kafariki mnaulizia kadi ya zaka!!

Wadau habari za jioni. Mimi ni Mkatoliki, nimezaliwa humo na kuolewa humo, naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia.

Jumuiya yetu huku Dar, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, ilikuwa na bibi mmoja muuza vitumbua, anakaa chumba kimoja na mjukuu wake wa kike yuko form two. Miaka yote yeye ndo alikuwa wa kwanza kufika sala ya Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi unamkuta keshatandika mkeka wa watu, rozari mkononi, nguo bado inanukia iliki. Mwaka jana sukari ikampanda, mguu ukavimba, kusimama jikoni akashindwa, biashara ikafa na sala akaacha kuja.

Mnadhani kuna kiongozi alienda kumjulia hali? Jina lake lilikuwa linasomwa tu. Tukimaliza rozari na Injili, pale ambapo zamani watu walikuwa wanashirikishana neno, sasa hivi mhazini anafungua kaunta buku lake lenye kalamu nyekundu anaanza, fulani zaka miezi mitatu, fulani hajatoa ya ukumbi, fulani bado jubilei ya padri, fulani hajalipia sare. Kila mwezi bibi wa watu anatajwa, miezi kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale nasikia nimenyamaza, kwake nimeenda mara mbili tu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Bibi kafariki Jumanne. Mjukuu kaenda kwa mwenyekiti kuomba barua ya kupeleka parokiani kwa ajili ya misa ya mazishi, kaambiwa lete kwanza kadi yake ya zaka. Mtoto karudi, kapekua chumba kizima, kaipata chini ya godoro imetafunwa na panya pembeni, kaileta. Mwenyekiti kaiangalia hapohapo mlangoni, hata karibu ndani hakumwambia, kamwambia miezi 14 haijalipwa, nendeni mkalipe ndo mje. Jamani, mtoto wa miaka kumi na tano, bibi yake yuko mochwari, anatumwa akatafute hela ya zaka!!

Nilivyosikia nikavaa kandambili nikaenda mwenyewe. Najibiwa "mama, utaratibu ni utaratibu, tukimwachia huyu na wengine wataacha kulipa". Utaratibu wa nani? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ipo, watu wanaosoma wanaijua, kanuni ya 1184 imewataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, waliochagua maiti zao zichomwe moto kwa kuipinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao kuwazika kutawakwaza waamini. Bibi muuza vitumbua yuko wapi hapo? Na kanuni ya 1181 inasema kabisa maskini wasinyimwe mazishi ya heshima. Hayo mambo tumefundishwa tangu katekisimu, kuzika wafu ni tendo la huruma, hakuna mahali tuliambiwa kwanza angalia kadi.

Sikatai zaka mimi. Natoa, mume wangu anatoa, katekista lazima ale na umeme wa kanisa lazima ulipwe. Ila hizi jumuiya ndogo ndogo hazikuanzishwa kukusanya hela. Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki Afrika Mashariki, walikaa Nairobi 1976 wakazifanya ndo msingi wa kazi yao yote ya kichungaji, na wazo lenyewe ni rahisi tu, parokia ni kubwa, padri hawezi kumjua kila mtu, kwahiyo nyie majirani wa nyumba kumi, kumi na tano mjuane, mjue nani anaumwa, nani hajala, nani kafiwa. Sasa sisi tunajua nani anadaiwa shilingi ngapi ila hatujui nani hawezi kushuka kitandani.

Nani kasimamia msiba? Majirani, tena wengi wao Waislamu. Muuza mkaa katoa turubai, mama mmoja wa baibui kapika chai ya waombolezaji siku mbili mfululizo, vijana wa bodaboda wakachanga jeneza. Jumatano usiku mume wangu kaamua kwenda moja kwa moja kwa paroko. Paroko wa watu hata habari hana! Kauliza kwanini hakuambiwa kuna mgonjwa, angempelekea Komunyo na Mpako wa Wagonjwa. Majina ya wagonjwa yanapelekwa na viongozi wa jumuiya, na jina la bibi lilikuwa kwenye orodha ya wadaiwa peke yake, kwahiyo mtu kasali rozari maisha yake yote alafu kaondoka bila mpako. Hapo ndo nililia kuliko hata makaburini.

Alhamisi kazikwa, misa imesomwa, paroko kaja mwenyewe.

Nikadhani yameisha. Jumamosi tumekaa sala, mhazini kafungua kaunta buku, kasoma miezi 14 ya marehemu, kasema deni litahamia kwa mjukuu na barua yake ya kipaimara itasubiri mpaka limalizike. Mtoto yupo pale kwenye mkeka! Kaangalia chini anavuta uzi wa khanga yake, na watu wazima karibu ishirini kimya. Safari hii sikunyamaza, niliongea mpaka sauti ikakauka, naambiwa nina kiburi na nitaitwa kanda, kwa viongozi wa juu ya jumuiya, kujieleza. Nitaenda.

Jumamosi ijayo zamu ya sala ni nyumbani kwangu. Nimeshamwambia katibu mapema, kaunta buku halifunguliwi sebuleni kwangu, na ule muda wa kusoma madeni tutaenda kumwona mzee wa nyumba ya kona ambaye hajaonekana tangu Pasaka. Ambao jumuiya zenu bado zinatembelea wagonjwa naombeni mniambie mnafanyaje, nani anatunza majina na mnayafikishaje kwa paroko.