Boycott alikuwa mtu

Zuhura: Shikamooni. Mwalimu wa Kiingereza katupa kazi: "boycott" maana yake nini na limetoka wapi. Nimeandika boy ni mvulana, cot ni kitanda cha mtoto. Nimepatia?

Mjomba Hamisi: Marahaba 😂😂 Futa hiyo mwalimu asiione.

Mjomba Hamisi: Ni jina la mtu. Kapteni Charles Boycott, Mwingereza, msimamizi wa ardhi ya Lord Erne huko Mayo, Ireland. Mwaka 1880 wakulima waliokodi mashamba wakaomba wapunguziwe kodi asilimia 25. Wakapewa 10. Wakagoma kulipa, Boycott akawatolea hati za kuwafukuza.

Zuhura: Wakampiga?

Mjomba Hamisi: Hata kofi. Walimtenga. Vibarua wakatoka shambani, mfua nguo akaacha kazi, mhunzi hamtengenezei viatu vya farasi, dukani hauziwi kitu.

Babu: Bora bakora.

Mjomba Hamisi: Umeona baba! Viazi vikabaki ardhini. Wakaletwa watu 50 kutoka Cavan na Monaghan wavune, na askari mamia wawalinde. Mazao ya pauni kama 500, gharama ikakadiriwa pauni 10,000! Desemba mwenyewe akafungasha akaondoka Ireland. Jina lake lilishakuwa kitenzi magazetini, mwaka huohuo.

Mama Mdogo Asha: Kumbe yeye ndiye aliyesusiwa, wala hakususa. Ama kweli jina likiharibika halina dawa.

Zuhura: Kwa hiyo Kiswahili chake ni kugoma?

Mjomba Hamisi: Hapana. Kugoma unaacha kazi. Hili ni kususia: hununui, huendi, hushiriki. Na likiwa kitenzi usije ukaandika "boycott against". Kama tunavyosema kususia uchaguzi, kinachosusiwa kinafuata hapohapo. b ndogo, t mbili.

Babu: Zuhura, andika na hili. 1976, Olimpiki ya Montreal. Nilishanunua betri mpya za redio nimsikilize Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Christchurch 1974 alimwacha Walker wa New Zealand kwenye mita 1500, dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Tukasubiri wakutane tena.

Babu: Hatukwenda. New Zealand walipeleka timu yao ya raga kwa Makaburu wa Afrika Kusini, nchi nyingi za Afrika zikasusia michezo. Walker akabeba dhahabu, Bayi yuko nyumbani.

Zuhura: Pole babu 😢 iliuma?

Babu: Mpaka leo. Na ingekuwa leo ningesema tususe vilevile. Betri nikatia kwenye tochi.

Mjomba Hamisi: Haya mpwa wangu, tunga sentensi.

Zuhura: "My aunt boycotted the pilau on Sunday."

Mama Mdogo Asha: We mtoto! Nilikuwa nimeshiba.

Mjomba Hamisi: Asha, ulinuna kwa ajili ya ukoko, tulikuona wote.

Mama Mdogo Asha: Niliomba uwekwe. Haukuwekwa.

Babu: Ukisusa wenzio twala. Ule ukoko niliumaliza mimi.