Naomba ushauri: kaka anataka kusimulia maradhi yake mbele za watu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete. Kaka yangu alilazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja. Karudi Pemba, dawa anakunywa, baharini anakwenda, alhamdulillahi. Sasa vijana wa shehia wamemuomba awasimulie zile sauti alizokuwa akizisikia, na mwenyewe anataka sana. Mama hataki kusikia: mdogo wetu wa kike kashaposwa, na watu hapa bado husema "ana shetani yule". Ami kazungumza na mama, wapi! Mimi naamini maneno yake yatamfaa mgonjwa aliyefungiwa ndani. Mliowahi kusimulia yenu, mlianza na watu wachache mnaowaamini? Na wakwe, tuwaeleze kabla au tusubiri harusi ipite?