Furu wangu wanahema juu ya maji: pampu niielekeze wapi?

Furu wa Nyegezi: Wakuu, nina tangi la lita 200 sebuleni, furu tisa (wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria) na mawe ya kuokota ziwani. Joto likipanda mchana wanakuja juu kuhema. Nimenunua pampu ya kuzamisha, lita 800 kwa saa, nikaibandika chini kabisa. Sasa mchanga wote umerundikana kona moja kama barabara ya mtaani baada ya mvua, na wanahema vilevile. Nimekosea wapi?

Babu Matangi: Mkuu, umehamisha mchanga tu. Oksijeni inaingilia juu, pale maji yanapogusana na hewa, na maji ya moto huibeba kidogo. Ipandishe pampu, sentimita tano hivi chini ya uso, mdomo utazame juu kidogo mpaka maji yatetemeke. Ielekeze kioo cha mbali. Mawe yapange yakinge mkondo upande mmoja. Furu wa miambani wamezoea mawimbi ila nao hupumzika.

Dada wa Kirumba: Na sehemu ya kunyonya ivishe sifongo! Jike la furu hulea mayai mdomoni. Wangu alitema vifaranga usiku, asubuhi nikakuta wawili tu, wengine pampu imewanyonya. Sifongo isuuze kwa maji ya tangi. Waya nao uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, matone yasifike kwenye umeme.

Furu wa Nyegezi: Nimeipandisha. Wameshuka wote, mmoja anapambana na mkondo tangu saa kumi. Mama watoto anauliza bomba gani linavuja.