Mazda MX-5 ND kwenye theluji: nibaki na tairi za upana wa 205, au nishuke hadi 195 au 185?

KonaKali
Wakuu, habari. Nina Mazda MX-5 ND (kizazi cha nne) yenye injini ya lita 2.0, inatembelea 205/45R17 (upana milimita 205, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17). Baridi imeanza na tairi za kiangazi lazima zitoke. Nimebaki na chaguo tatu: saizi ileile ya 205/45R17 ila za baridi, au rimu za inchi 16 na 195/50, au nibane kabisa hadi 185/55R16. Kila mtu ananiambia nyembamba ndiyo dawa, lakini hakuna anayefafanua, na gari lenyewe halizidi sana kilo 1,100. Barabara zangu nyingi huparuliwa na kumwagiwa chumvi. Kinachonisumbua ni kilima cha mwisho kabla ya nyumbani, hicho theluji yake hukaa hadi mchana.

TairiNneTu
195/50R16, mjadala umekwisha. Ndiyo saizi ya kiwandani ya ND ya lita 1.5.

MguuMwepesi
Mkuu TairiNneTu, jibu ni zuri ila mwenzetu kauliza sababu.

Watu husema tairi nyembamba "inakandamiza zaidi". Si hivyo hasa. Eneo linalogusa barabara huamuliwa zaidi na uzito na upepo. Chukua kilo 275 kwa gurudumu na upepo wa bar 2.0: unapata kama sentimita za mraba 135, tairi iwe 205 au 185. Kinachobadilika ni umbo. Nyembamba hugusa chini kwa mstari mrefu, pana hugusa kwa mstari mfupi uliotanuka. Sasa weka tope la theluji mbele ya gurudumu. Lile lote lililo kwenye njia ya tairi lazima lisukumwe kando au likanyagwe, na tairi ikiwa nyembamba kazi hiyo inapungua, kashata (vile vibonge vya mpira vinavyokanyaga barabara) zinafika kwenye lami mapema.

Wepesi wa gari ndio unaoleta shida. ND hutakiwa kujazwa psi 29 tu (ndiyo hiyo bar 2.0), na upepo ukiwa mdogo tairi huanza kuelea juu ya maji kwenye mwendo mdogo zaidi. Gari zito lenye tairi ya upana huohuo hujazwa zaidi, kwa hiyo huchelewa kuelea. Ndiyo maana ushauri wa kupunguza upana unatuhusu sisi kuliko wenye magari mazito.

Lami_Kavu
Hayo ni ya theluji laini na maji. KonaKali kasema barabara zake nyingi zinaparuliwa, maana yake siku nyingi atakuwa kwenye lami yenye unyevu, na kufunga breki hapo tairi pana haidharauliki. Mimi ningebaki na 205 na kuweka pesa kwenye tairi bora. Mpira wa tairi za kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kosa la mpira halirekebishwi na upana.

MguuMwepesi
Kwenye mpira tuko pamoja. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama ya M+S (matope na theluji) peke yake isikudanganye, hiyo mtengenezaji anaweza kuiandika bila tairi kupita jaribio lolote la theluji. Ujerumani wameacha kuikubali tangu Oktoba 2024.

DadaWaGia
Na kilima je? Theluji iliyoshindiliwa ni kisa kingine. Pale kinachokupandisha ni ile mikato midogo midogo kwenye kashata, inayong'ata na kushika theluji ndani yake. Ikishageuka barafu tupu, milimita 10 za upana hazikusaidii chochote, unahitaji mpira laini, au misumari pale inaporuhusiwa. (Tairi za mashindano ya magari ya Rally Sweden ni nyembamba kweli, lakini zina misumari mirefu inayochoma barafu. Msizilinganishe na zetu.)

TairiNneTu
Haya, hesabu ya 185 basi. Kipenyo cha 205/45R17 ni milimita 616, cha 185/55R16 ni 610, cha 195/50R16 ni 601. Kwa spidomita, inayosoma mwendo kwa mizunguko ya gurudumu, 185 ndiyo inayokaribia 205 zaidi, 195 iko chini kwa kama asilimia 2.4. Ila rimu za kiwandani za inchi 16 zina upana wa inchi 6.5, na hapo 185/55 imefika ukomo wake. Ukuta wa tairi unavutwa nje na ukingo wa rimu unabaki wazi kwa kila jiwe. Uzito si tatizo: 195 yenye namba ya uzito 84 hubeba kilo 500 kila moja.

Rafiki wa Injini
Wakuu, na sisi wenye tairi za nyuma pana kuliko za mbele? Naweza kuweka saizi moja pande zote?

DadaWaGia
Ukipunguza za nyuma peke yake, mkia utakuwa wa kwanza kuachia kwenye kona. Punguza mbele na nyuma kwa uwiano, na uanzie kwenye saizi ambazo kitabu cha gari kinaziruhusu.

KonaKali
Nimewaelewa. Naenda na 195/50R16, zenye mlima na chembe ya theluji. Lami_Kavu, ukuta mrefu kidogo umenishawishi pia, mashimo ya baada ya theluji hula rimu za 17.

Lami_Kavu
Sawa mkuu. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, kila nyuzi 10 za joto zikishuka unapoteza kama bar 0.1. Na hakikisha fundi anahamisha sensa za upepo, la sivyo taa itakuwakia hadi masika.