Tupeane uzoefu: Kamera ilikuwepo, tukio limetokea, ushahidi hamna. Huwa tunakwama wapi?

Mzee wa Rekoda (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaofunga, wanaotunza na wanaotumia kamera katika kazi za polisi na usalama barabarani. Risasi zikilia au gari likigonga na kukimbia, swali la kwanza la watu ni "kwani pale hapana kamera?" Mara nyingi ipo. Ila gari limetoka ukungu mweupe, sura ni madoa, na saa ya rekoda (kifaa kinachohifadhi picha za kamera) iko nyuma dakika kumi na moja. Nani alikamatwa wapi tuache. Leteni vipimo, hatua na sababu.

Naanza na pikseli, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kiwango cha kimataifa cha kamera za usalama, IEC 62676-4 toleo la 2014, kilihesabu pikseli kwa kila mita ya eneo linaloonekana. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kuna mtu. 125 zinatosha kumtambua mtu ambaye tayari unamfahamu. Kumtambua usiyemjua kabisa kunataka 250. Sasa chukua kamera yenye upana wa pikseli 1920, gawanya kwa 250: unapata mita 7.68 tu. Ukiitegesha ione makutano yote yenye upana wa mita 40, umebaki na pikseli 48 kwa mita. Utaona mtu kakimbia na kitu mkononi, basi.

Kwa hiyo sehemu moja inataka kamera mbili. Moja pana ya kuonyesha nini kilitokea na nani alielekea wapi, nyingine nyembamba mahali ambapo kila mtu lazima apite: mlangoni, kwenye ngazi, kwenye kivuko. Hiyo ya sura isiinamie chini zaidi ya nyuzi 15 hivi. Mafundi wengi huipandisha juu kabisa isiibwe, halafu inarekodi kofia mwaka mzima.

Mgeni

Mkuu, si ufunge tu 4K, ile yenye upana wa pikseli 3840, umalize kazi?

FundiLenzi

Mchana sawa, utapata mita 15.36 kwa kiwango kile kile cha 250. Usiku ni habari nyingine. Pikseli nyingi kwenye kihisi kile kile (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) maana yake kila moja ni ndogo na inapata mwanga kiduchu, kwa hiyo picha inajaa chenga. Uliza ukubwa wa kihisi kabla ya kuuliza idadi ya pikseli.

Mimi nataka tuzungumzie pleti namba, ambako adui mkubwa ni shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha. Gari la kilomita 60 kwa saa linakwenda mita 16.7 kila sekunde. Usiku kamera ikiachwa ijiamulie, inafungua shata kwa 1/30 ya sekunde ili ipate mwanga, na ndani ya muda huo gari limesogea sentimita 55. Hapo namba zote zimefutika. Weka shata 1/1000, gari linasogea sentimita 1.7 na herufi zinasomeka.

Picha itakuwa nyeusi tii, na mteja atalalamika kwamba kamera mbovu. Mwambie asubiri. Washa taa ya infraredi karibu na lenzi: pleti ya kuakisi inaurudisha mwanga ulikotoka, kwa hiyo namba inang'aa na vitu vingine vyote vinabaki giza, pamoja na taa kubwa za gari ambazo kwa kawaida zinapofusha kamera. Infraredi ya nanomita 850 inafika mbali ila taa yake inaonekana wekundu hafifu. Ya 940 haionekani kwa macho lakini umbali unapungua. Pembe kati ya kamera na njia ya gari isizidi nyuzi 30, upande na wima. Pleti ikitoka nyeupe pe bila herufi, taa ni kali mno: punguza nguvu yake au punguza geini (ukuzaji wa mwanga ndani ya kamera), shata usiiguse. Na kwa kuwa picha hiyo haionyeshi rangi wala aina ya gari, kamera ya pili ya kawaida ni lazima.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, la askari anayepokea taarifa ya mtambo kwamba pleti hiyo inatafutwa. Programu ya kusoma pleti huchanganya 8 na B, 0 na O, 1 na I. Pleti ikisomwa vizuri kabisa bado inaweza kuwa ya gari jingine. Agosti 2020 huko Aurora, Colorado, polisi waliitolea bastola familia moja na kuwalaza watoto kifudifudi kwenye maegesho. Namba ilifanana na ya chombo kilichoibwa, ila kilichoibwa kilikuwa pikipiki ya jimbo lingine. Utaratibu ni huu: taarifa ikilia, askari aangalie picha yenyewe, alinganishe herufi, mahali ilikosajiliwa, aina na rangi ya chombo, kisha aulize kituo kama taarifa ya wizi bado iko hai. Baadhi ya magari yaliyokwisha kupatikana hubaki kwenye orodha, na anayesimamishwa ni mwenye mali.

Dawati la Vielelezo

FundiLenzi umemaliza upande wa mbele. Upande wa nyuma, kesi hufia kwenye kunakili.

Ukifika kwenye rekoda, usibonyeze kitu. Piga picha ya skrini ikionyesha saa yake pamoja na saa ya simu yako inayojirekebisha kwa mtandao, andika tofauti kwa sekunde. Saa ya rekoda usiirekebishe. Ukiirekebisha umekata uhusiano kati ya picha za jana na muda halisi, na wakili wa utetezi atakushukuru.

Kisha angalia zimebaki siku ngapi kabla rekoda haijaandika juu ya picha za zamani. Hesabu ni rahisi: kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43.2 kwa siku. Kamera 16 ni kama gigabaiti 690, kwa hiyo diski ya terabaiti 4 haifiki hata siku sita. Tukio la Ijumaa likifuatiliwa Alhamisi, hakuna kitu. Ndiyo maana barua ya kuomba picha iandikwe siku ile ile, hata kama mchukuaji atakuja baadaye, na mwenye rekoda afunge faili za saa husika zisifutwe.

Chukua faili katika muundo wake wa asili pamoja na programu ya kuichezea. Kurekodi skrini kwa simu ni kwa ajili ya kutafuta mtuhumiwa haraka tu. Unapoteza fremu, unapoteza muda uliofichwa ndani ya faili, na vivuli vya skrini vinageuka "kasoro". Chukua kuanzia nusu saa kabla ya tukio, na kamera zote, maana mtu aliyefunika uso wakati wa kufyatua huenda alipita kamera nyingine uso wazi dakika ishirini kabla. Kokotoa alama ya SHA-256 (msimbo mrefu ambao kompyuta inautoa kutokana na yaliyomo kwenye faili) ya kila faili hapo hapo, iandike kwenye fomu ya makabidhiano, saini pande zote mbili. Faili ikibadilika hata biti moja, alama inabadilika yote.

Tochi na Mwendo

Niingilie upande wa barabara. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 1.19 vya ajali za barabarani kwa mwaka, na linasema mwendo wa wastani ukipanda asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo inapanda kama asilimia 4. Kwa hiyo kamera ya mwendo ina kazi halali, ila ipimwe vizuri.

Rada inasoma mwendo wa gari kuelekea kwake. Ukisimama pembeni mwa barabara, kipimo kinazidishwa na kosaini ya pembe. Kwa nyuzi 20, gari la kilomita 60 linasomeka 56.4. Tochi ya mkononi (rada ndogo ya askari) iliyosimama pembeni humpendelea dereva, kwa hiyo anayedai "pembe ilinionea" hana hoja. Kamera ya nguzoni ni tofauti: imeshapangiwa pembe yake na inafidia yenyewe. Nguzo ikigongwa ikageuka kidogo, fidia inakuwa ya uongo, na hapo dereva anaweza kuonewa kweli. Ndiyo sababu ya mistari ile myeupe kwenye lami. Kamera za aina ya Gatso hupiga picha mbili zilizopishana nusu sekunde: gari la kilomita 60 limesogea mita 8.3, la 80 limesogea mita 11.1. Hesabu ya mistari isipokubaliana na rada, faini ifutwe. (Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyebuni mtambo huo, alikuwa dereva wa mashindano, alitaka kujua anapita kona kwa kasi gani, aongeze.)

Udhaifu wa kamera ya sehemu moja kila dereva anaujua: unakanyaga breki mita hamsini kabla, unakanyaga mafuta ukishaipita. Kamera za mwendo wa wastani zinaziba hilo. Zinasoma pleti mwanzo na mwisho wa kipande cha barabara. Umbali wa kilomita 2 ukitumia sekunde 60, ulikwenda 120, huna pa kujifichia. Ila saa za kamera mbili zisipolingana, kila mtu anaonewa au kila mtu anaachiwa. Tunarudi kwenye saa, kama alivyosema Dawati.

Mhandisi wa Taa

Kamera za taa nyekundu: kabla ya kuifunga, pima taa ya njano kwa saa ya sekunde. Kanuni inayotumika sana ni sekunde 1 ya dereva kushtuka, jumlisha mwendo wa mita kwa sekunde uliogawanywa kwa mara mbili ya kasi ya kupunguza mwendo, ambayo ni mita 3.05 kwa sekunde, kwa sekunde. Kwa kilomita 50 unapata sekunde 3.3. Ukiweka 2.5 unawatega watu, na wanaojitahidi kusimama wanagongwa kwa nyuma. Utafiti wa mamlaka ya barabara kuu za Marekani wa 2005 ulikuta ajali za kugongana ubavuni zimepungua karibu asilimia 25 na za kugongana nyuma zimepanda karibu 15. Bado faida ipo, maana za ubavuni ndizo zinazoua zaidi.

Sikio la Mtaa

Nani anazungumzia mitambo ya kusikia risasi? Vihisi vinawekwa juu ya mapaa. Sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde kukiwa na nyuzijoto 20. Vihisi vitatu au zaidi vikisikia kwa nyakati tofauti, kompyuta inachora mahali. Saa ikikosea milisekunde 10, umekosea mita 3.4, si haba. Kinachosumbua ni mwangwi wa maghorofa, fataki, na eksozi ya pikipiki.

Chicago ndiyo somo. Mkaguzi mkuu wa mji aliripoti Agosti 2021 kwamba taarifa za mtambo zilizothibitishwa kuwa huenda ni risasi zilizidi 50,000 kati ya Januari 2020 na Mei 2021, na asilimia 9.1 tu kati ya hizo zilionyesha ushahidi wa uhalifu wa bunduki. Septemba 2024 mji ukazima mtambo. Mtambo unakuambia risasi zimelia wapi, hausemi nani kafyatua. Askari anayefika akiamini kila aliye mtaani ana silaha ni hatari kuliko kutofika.

Nesi wa Zamu

Nakupinga kidogo, Sikio. Kuna majeruhi ambao hakuna aliyewapigia simu, na mtambo ndio unaoleta gari. Lakini hilo lina maana kama aliyefika anajua kuzuia damu. Kagua kwanza mahali ni salama. Bonyeza jeraha kwa nguvu zote, mikono miwili, bila kuinua kuchungulia. Likiwa mkononi au mguuni na damu inaruka, funga tonikiti (mkanda wa kubana kuzuia damu) sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, isiwe kwenye kiungo, kaza hadi damu isimame, andika saa. Itauma sana, usilegeze. Begani, kwapani na kwenye kinena tonikiti haishiki: jaza kitambaa ndani ya jeraha, kisha bonyeza. Bastola za polisi huwa nyingi pale, tonikiti hakuna.

Dawati la Vielelezo

Na maganda ya risasi yasiokotwe kabla ya kuwekewa namba na kupigwa picha na kipimo pembeni. Yanabeba alama ya pini inayopiga risasi na ya uso wa chuma unaoegemea nyuma ya ganda ndani ya bunduki, hizo ndizo zinazounganisha tukio moja na jingine. Usiyashike kwa koleo la chuma, linakwaruza. Kila ganda mfuko wake wa karatasi.

Mgeni

Na kutambua sura kwa kompyuta?

FundiLenzi

Piga hesabu mwenyewe. Mtambo unaokosea mara moja kwa watu 1,000, ukipitisha watu 50,000 umekuletea watuhumiwa 50 wasio na kosa. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilikuta mwaka 2019 kwamba programu nyingi zilikosea mara 10 hadi 100 zaidi kwa sura za Waafrika na Waasia kuliko za wazungu. Detroit walimkamata mtu Januari 2020 mbele ya familia yake kwa picha ya dukani isiyo na ubora. Miaka minne baadaye polisi wa mji huo walikubali kutomkamata yeyote kwa jibu la kompyuta peke yake. Jibu la mtambo ni fununu. Na usimpe shahidi picha hiyo hiyo katika gwaride la utambulisho, maana kompyuta imekuchagulia anayefanana zaidi.

Mzee wa Rekoda

Kamera za kifuani mwa askari hazijaguswa. Nyingi huhifadhi sekunde 30 za nyuma bila sauti kabla ya kubonyezwa. Baltimore mwaka 2017 sekunde hizo zilionyesha askari akiweka dawa za kulevya mahali ambapo baadaye "aliziona". Kwa hiyo kwenye mipangilio hakikisha akiba hiyo haijazimwa, na ruhusa ya kufuta faili isiwe kwa anayeivaa. Anayejua namna ya kuunganisha saa za kamera hizo na za magari ya doria, alete hatua zake.