Muuzaji wa beji ya reli yenye lehemu mgongoni, nijibu: lehemu bado ipo, na barua yangu utamfikishia mnunuzi?

Ndugu zangu wakusanyaji wa vitu vya kale, na hasa ninyi mnaonunua na kuuza vifaa vya reli ya zamani hapa Uganda na nchi jirani, ninaandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kwa miaka mitatu na miezi minne nimekuwa nikiitafuta beji moja ya shaba yenye herufi E.A.R. & H. (East African Railways and Harbours, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki), ambayo kwa mtu mwingine ni pambo la kuweka kwenye kabati la kioo, lakini kwetu ndiyo kitu cha mwisho cha marehemu babu kilichokuwa kimebaki nyumbani. Mwezi uliopita niliiona pichani, uso na mgongo, nikaitambua bila shaka yoyote. Siku nne baadaye nikaambiwa kwamba imekwisha kuuzwa nje ya nchi, na kwamba imekwenda kwa nani si jambo linalonihusu.

Linanihusu, na nitaeleza kwa nini.

Babu yangu aliajiriwa na reli hapo Tororo mwaka 1950, kwanza kama msafishaji wa injini, kisha faiamani, yaani mchochea moto wa injini, na hatimaye dereva. Shirika lilikuwa na umri wa miaka miwili tu kwa jina hilo la E.A.R. & H., kwa kuwa lilizaliwa mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ile ya Tanganyika. Alifanya kazi kwenye zile injini kubwa za mvuke za Garratt, ambazo hazikuwa za makaa bali za mafuta mazito, na alizoea kutuambia kwamba faiamani mzuri alitambulika kwa rangi ya moshi wake, kwani moshi mweusi maana yake ni mafuta yanayopotea bure. Reli ya Soroti, ambayo ilichepuka hapo Tororo tangu mwaka 1929, aliijua kona kwa kona, na ilipofika Pakwach mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa madereva waliopelekwa huko. Bibi, ambaye ni Msamia, alikutana naye kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, tulizoziita landhi. Babu alikuwa Mjapadhola, kila mmoja na lugha yake, kwa hiyo lugha ya nyumba ile ikawa Kiswahili, nacho ndicho nilichorithi na ninachoandikia leo.

Sasa kuhusu beji yenyewe. Ilikuwa ya kofia, na nyuma yake ilikuwa na vikuku viwili vya kuishikiza. Siku moja kofia ilianguka ndani ya injini, kikuku kimoja kikakatika. Babu alipewa beji nyingine stoo, lakini ile iliyovunjika hakuitupa. Aliikata vikuku vyote viwili akiwa karakana, akaweka pini ya kufungia mahali pake, akaishikiza kwa lehemu. Hakuwa fundi wa lehemu. Ilimwagika kupita kiasi, ikaganda upande wa kushoto kama punje ya maharage, ya kijivu, yenye mkunjo mdogo katikati mahali alipojaribu kuibonyeza kabla haijapoa. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikipitisha kidole gumba kwenye mkunjo ule mpaka bibi aninyang'anye. Hivyo ndivyo beji ya kofia ilivyogeuka kuwa pini, na pini hiyo babu alimpa bibi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, babu alikuwa akifanyia kazi Nairobi. Alirudi Tororo na sanduku moja. Mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1984, Kenya ikapewa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26, lakini babu alifariki dunia akiwa bado anafuatilia haki zake za uzeeni, akiwa na faili la barua chini ya kitanda. Kofia, koti na ile beji ya pili viliporwa katika vurugu za mwaka 1979. Pini haikuporwa kwa sababu bibi alikuwa ameivaa kwa ndani, kwenye kitambaa cha kiunoni cha gomesi yake, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, mahali ambapo hakuna mtu angetazama.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila binti wa nyumba yetu aliyefanyiwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, alifungwa pini ile kwa ndani ya kitambaa cha kiunoni, na aliyeifunga alikuwa bibi kwa mikono yake. Mama yangu mdogo aliivaa, shangazi zangu wawili waliivaa, dada yangu aliivaa mwaka 2009 akalalamika kwamba lehemu inamchoma, na bibi akamjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa, ili akumbuke alikotoka. Mwezi wa Desemba ni zamu ya binti wa dada yangu. Mwaka huu hatuna cha kumfunga.

Ilivyopotea ni habari fupi. Baada ya mazishi ya bibi nyumba ilisafishwa, na kijana wetu wa miaka kumi na mitano akauza debe la vitu vya shaba kwa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na baiskeli, kwa shilingi 7,000. Pini ilikuwa ndani ya kikombe kilichokuwa ndani ya debe. Simlaumu mtoto, maana hakuna aliyemwambia, na kosa hilo ni letu sisi wakubwa. Yule mnunuzi wa baiskeli nilimpata siku ya tatu, na ninataka ijulikane kwamba katika habari hii yote yeye ndiye mfanyabiashara pekee aliyenitendea uungwana. Aliikumbuka beji, akanieleza kwamba hakuipeleka kuyeyushwa kwa sababu yuko mtu wa Kampala anayenunua vitu vya namna hiyo kwa bei nzuri kuliko ya kilo, na akanirudishia kile kikombe bila kunidai hata senti.

Tangu siku hiyo nimetembea. Nimezunguka Katwe kwa mafundi wa vyuma, nimekwenda Jinja, nimevuka Busia mara mbili, nimefika hadi Nairobi. Nimejifunza mambo ambayo sikutaka kuyajua, na la kwanza ni kwamba wengi wenu mnaouza hamjali mnasema nini. Nimeonyeshwa beji yenye herufi E.A.R. & H. nikaambiwa ni ya mwaka 1901, ya reli ilipofika Kisumu. Nyingine nikaambiwa ni ya mwaka 1931, ya treni ya kwanza kuingia Kampala. Herufi zenyewe zinawakatalia. Jina hilo halikuwepo kabla ya mwaka 1948, na mwaka 1969 bandari zilipotengwa na reli na kuwa mashirika mawili, ile "H" ya bandari haikuwa na kazi tena. Beji hizi ni za kipindi hicho cha miaka 21. Mtu anayedai mamia ya maelfu ya shilingi kwa kitu angalau akisome kilichoandikwa juu yake.

La pili ni nakala, na hapa mwanajamii mmoja alinitia hasara ya shilingi 180,000. Alinitumia picha safi, akaniapia kwamba ni ya asili, nikalipa, nikapokea kifurushi kwa basi. Nilipoishika tu nilisita. Kingo za herufi zilikuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, na ndani ya duara la "R" kulikuwa na vijitundu vidogo kama vya mkate. Nilimpelekea mzee mmoja, dereva mstaafu anayeishi Jinja, ambaye bado anayo ya kwake. Akaziweka mbili juu ya meza, bega kwa bega, akachukua rula. Ile yangu ilikuwa ndogo kwa karibu milimita moja. Akanieleza jambo ambalo wauzaji mnalijua vizuri: beji za asili zilipigwa kwa mashine, kwa hiyo kingo zake ni kali, lakini anayetengeneza nakala huichukua ya asili, akatengeneza kalibu kutokana nayo, akasubu shaba humo, na shaba ikipoa husinyaa, ndiyo maana nakala haiwezi kulingana na mama yake. Muuzaji nilipomwandikia hakukana. Aliniambia kwamba kwa kazi ya harusi hakuna atakayepima kwa rula.

Ndugu yangu uliyeniandikia maneno hayo, ninajua unasoma hapa. Kama ningetaka kitu kinachofanana, ningekwenda kwa fundi yeyote na kutengenezewa kwa shilingi 20,000. Nilikueleza katika ujumbe wa kwanza kabisa ninachotafuta na kwa nini, nawe ulitumia habari ya bibi yangu kupandisha bei.

Lakini aliyenifanya nianzishe uzi huu ni mwingine. Mwezi uliopita, saa nne usiku, niliona tangazo: beji ya reli, ya shaba, "imetengenezwa upya nyuma". Picha ya pili ilionyesha mgongo, na pale kushoto palikuwa na punje ya lehemu ya kijivu, na katikati ya punje mkunjo. Nilimwamsha dada yangu kwa simu, nikamtumia picha, akalia. Asubuhi nilimwandikia muuzaji kwa heshima zote. Nilimweleza habari nzima kama nilivyoieleza hapa, nikamwambia kwamba simwiti mwizi, kwamba najua aliinunua kwa fedha yake, na kwamba niko tayari kulipa bei yake bila kupunguza. Alidai shilingi 450,000. Nilikubali. Alitaka malipo ya kutangulia, kishika uchumba kama alivyokiita, shilingi 100,000 kwa simu. Nilituma siku hiyohiyo. Siku ya pili akaniambia amepata mtu anayetoa zaidi, je, nitaongeza? Nikaongeza hadi 600,000, ambazo ningelazimika kuzikopa. Siku ya tatu hakujibu. Siku ya nne akanirudishia 100,000 yangu, ikiwa imepunguzwa makato ya kutumia na kutoa, na ujumbe kwamba beji imekwisha kusafirishwa kwa mkusanyaji wa nje.

Nikamwomba jambo moja tu: anifikishie barua kwa mnunuzi. Sikutaka anwani yake wala namba yake, nilitaka tu barua ifike. Akanijibu hivi, na picha ya skrini ninayo: kwamba nisijisumbue, kwa sababu mnunuzi amelipia pia isafishwe na ile lehemu iondolewe, "ili irudi katika hali yake", kwa maana lehemu inashusha thamani. Kisha akanifungia nisiweze kumwandikia tena.

Nimesoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ninyi mnaojua biashara hii mnajua kwamba kumsugulia mteja shaba ya miaka 60 kwa dawa mpaka ing'ae ni kuiharibu, na hata wanunuzi makini wanalikataa hilo. Lakini hata tuache hilo kando. Lehemu ile ndiyo kazi ya mkono wa babu yangu. Beji za E.A.R. & H. zilitolewa nyingi, kila mfanyakazi wa sare alikuwa na yake, na nikipenda nitapata nyingine isiyo na kasoro kabla ya mwisho wa mwezi. Punje ile ya kijivu iko moja tu duniani, na mtu ameahidi kuikwangua kwa sababu haipendezi.

Kwa hiyo nasema na wewe muuzaji, ambaye sitakutaja jina hapa ingawa wengi humu watakutambua. Siombi tena unirudishie beji, maana umekwisha kuiuza. Naomba unijibu mambo mawili: kama lehemu imekwisha kuondolewa au la, na kama utamfikishia mnunuzi barua niliyokwisha kuiandika. Kama bado hujaikwangua, usiikwangue. Mwambie mnunuzi habari yake, na kama ni mkusanyaji wa kweli atataka kuijua.

Na ninyi wengine, hasa mnaouza kwa watu wa nje, kama kati ya wateja wenu yuko aliyepokea mwezi huu beji ya kofia ya reli kutoka Uganda, yenye pini ya kufungia badala ya vikuku, nawaomba mumwonyeshe uzi huu. Nitalipa bei aliyolipa yeye, pamoja na gharama ya posta. Asipokubali kuuza, basi aniazime kwa wiki mbili za Desemba, nami nitaweka dhamana ya fedha yoyote atakayotaka. Na kama lehemu imekwisha kukwanguliwa, naomba aniambie vilevile, ili nijue la kumwambia dada yangu.